Tunaambiwa tuwe macho. Tukishaona, tumwambie nani?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu ugaidi na jinsi serikali yetu inavyopambana nao. Mimi si mmoja wa wale wataalamu wa usalama wanaoalikwa kwenye runinga wakiwa wamefunga tai. Mimi ni soja wa mlangoni. Nimevaa sare za kampuni za ulinzi tangu kabla ya magaidi kuvamia jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi, na kwa sasa lindo langu ni jengo la ofisi na maduka katikati ya jiji, juma hili mchana, juma lijalo usiku. Jina la jengo na la kampuni nayahifadhi kwa kuwa bado nautegemea mshahara wao.

Kila sikukuu ikikaribia, na kila ubalozi fulani ukitoa tahadhari kwa raia wake, tunasikia agizo lile lile kutoka kwa wakubwa: wananchi wawe macho, waripoti mtu au kitu chochote wanachokitilia shaka. Agizo lenyewe sina ugomvi nalo. Taabu ni kwamba serikali inatutaka tuseme ilhali haijatuwekea pa kusemea, na aliyejaribu kusema mara nyingi ndiye hujuta. Majasusi wana mitambo yao, lakini habari ya kwanza hutoka kwa mtu aliyeona: soja, mama mboga, makanga, keateka wa ploti, mama mzazi. Huyo akinyamaza, wengine wote wanabaki kubahatisha.

Nianze na mlango, maana ndio ninaoujua.

Ukaguzi ulikuwepo hata kabla ya Septemba 21, 2013, hasa kwenye benki na hoteli kubwa. Lakini baada ya watu 67 kuuawa Westgate, kila mwenye jengo Nairobi alitaka soja mwenye kifaa cha kupima vyuma. Kifaa hicho hulia kwa funguo, kwa sarafu, kwa mkanda, kwa simu. Kikilia kutwa nzima sikio huzoea, ukajikuta unasema "pita" kabla mtu hajainua mikono vizuri. Wateja nao wamezoea. Wanainua mikono huku wakiendelea kuongea na simu. Kwa magari ni "fungua buti": unachungulia gurudumu la akiba na viatu vya mwenye gari, unafunga. Kiti cha nyuma hakuna anayekiangalia. Tena kuna magari ambayo meneja ametupa nambari zake za usajili ili tusiyasimamishe kabisa, ya wadosi wenye vioo vyeusi wasiopenda kungojeshwa. Ila akija kijana mwenye rasta na begi mgongoni, au msichana wa buibui, naambiwa: "Huyo mwangalie vizuri." Nimwangalie nini? Hakuna aliyewahi kunieleza ninatafuta nini.

Mafunzo niliyopewa ni ya gwaride, kupiga saluti, kuandika daftari la matukio na kutumia mtungi wa kuzima moto. Kuhusu bomu tuliambiwa maneno haya tu: ukiona kitu usichokielewa usikiguse, mpigie supavaiza. Supavaiza ana majengo mengi ya kuzungukia na simu yake mara nyingi haina kredo. Kuhusu malipo, mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi wa kibinafsi ilitangaza kiwango cha chini cha Sh30,000 kwa mwezi. Wengi wetu hizo Sh30,000 tumezisoma gazetini tu. Sikuandika barua hii kulilia mshahara, lakini msomaji ajue kwamba mtu anayetarajiwa kumzuia gaidi asiingie ana rungu mkononi na nauli ya kurudi Kayole mfukoni.

Haya hayakuanza na Westgate. Agosti 7, 1998, saa nne unusu hivi asubuhi, lori lilipofika nyuma ya ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, waliokuwa kwenye kizuizi ni masoja Wakenya wasio na silaha. Waliambiwa wafungue, wakakataa. Washambuliaji wakarusha guruneti. Tume ya Wamarekani iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilichunguza tukio hilo, na ndani ya ripoti yake mna jambo ambalo kila soja wa mji huu angefaa kusimuliwa siku ya kwanza kazini: masoja walijaribu kuita kwa redio, wakakuta masafa yanatumika na watu wengine. Walijaribu simu, nayo ikawa inatumika. Kisha bomu likalipuka. Waliosikia mlipuko wa kwanza, ule wa guruneti, kutoka majumba jirani ya Ufundi na Cooperative walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama kuna nini, na hiyo ndiyo sababu watu wengi sana walipofushwa na vioo siku ile. Hapa Nairobi waliokufa ni 213.

Na si soja peke yake aliyekuwa amejaribu kusema. Balozi mwenyewe, Prudence Bushnell, alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake Washington kwamba lile jengo liko karibu mno na barabara na halina usalama. Walimjibu wanavyojibu wakubwa kokote. Basi waliosema walikuwepo, wa juu kabisa na wa chini kabisa; waliokosekana ni wa kusikiliza.

Nawapa Wamarekani haki yao kwa jambo moja. Kufikia Januari 1999 ripoti ya Crowe ilikuwa imetoka, inakiri makosa ya serikali yao wenyewe, na yeyote anayetaka anaweza kuisoma. Sisi je? Mwanzoni mwa Oktoba 2013, Rais Uhuru Kenyatta alituahidi tume ya kuchunguza Westgate. Tume hiyo haikuundwa. Kamati mbili za Bunge zikaandika ripoti yao, na Machi 2014 wabunge wenyewe wakaikataa. Tumebaki na vipande vya habari: kwamba Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, kiliingia kwanza, kisha wanajeshi wa KDF wakaja, kamanda wa Recce akauawa kwa risasi za upande wetu, kwamba kamera zilinasa wanajeshi wakitoka supamaketi na mifuko, na wawili wakafungwa. Jambo hilo la mifuko ndilo watu wa mtaani wanalikumbuka zaidi, na sishangai. Lakini mimi ninayesimama mlangoni nina swali tofauti. Nani alionywa kuhusu Westgate, lini, na baada ya kuonywa alifanya nini? Jibu halimo katika karatasi yoyote ambayo raia anaweza kuishika.

Aprili 2, 2015 tuliona jambo lile lile Garissa. Wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna habari za kijasusi kuhusu shambulio linalolenga chuo kikuu kikubwa. Habari ilikuwepo, basi. Ilishuka mpaka kwenye ubao wa matangazo, ikakomea pale. Washambuliaji waliingia chuoni Garissa alfajiri wakati wa swala, na Recce wakafika alasiri, wakawamaliza kwa muda mfupi. Kati ya alfajiri na alasiri walikufa watu 148. Mwanafunzi akipewa ilani bila kupewa polisi wa kutosha langoni, ilani hiyo humsaidia aliyeitoa, ili baadaye aseme alishaonya.

Nitakuwa mwongo nikisema hakuna kilichobadilika. Januari 15, 2019, walipovamia jengo la 14 Riverside ambamo mna hoteli ya Dusit, watu 21 waliuawa, na hao ni wengi. Lakini vikosi vilifika upesi, vikafanya kazi kwa amri moja, watu kama 700 wakatolewa wakiwa hai, na shughuli yote ikaisha kabla ya saa ishirini kutimia. Westgate ilichukua siku nne. Kuna mtu mahali fulani serikalini aliyejifunza kitu, na anastahili pongezi. Lakini hapo tunazungumzia mambo baada ya risasi ya kwanza. Mimi nauliza kabla yake.

Nisimulie yaliyonikuta. Wakati fulani gari dogo jeupe liliachwa kwenye maegesho ya chini ya jengo tulilokuwa tukilinda. Nambari ya simu iliyoandikwa kwenye daftari ilikuwa haipatikani. Jioni ya pili nikamwona kijana aliyekuwa ameliacha akishuka ngazi, akalitazama kwa mbali, akageuka akaenda zake. Nikamwambia supavaiza. Supavaiza akamwambia meneja. Meneja akasema tusiwatie wapangaji hofu, watahama. Nilipotoka zamu nikaenda mwenyewe kituo cha polisi.

Pale mezani swali la kwanza halikuwa kuhusu gari. "Kitambulisho." Kisha: unakaa wapi, kwenu wapi, unamjua vipi huyo kijana, mbona wewe tu ndiye umeona? Nikaambiwa niweke simu mezani. Nikakaa kwenye benchi karibu na mlevi mmoja na mama aliyeporwa mkoba mpaka usiku ukaingia. Mwishowe afisa mmoja akanieleza kwa upole kabisa kwamba gari la kituo halina mafuta, na kama ninaona jambo ni la haraka basi nichange kidogo. Nilirudishiwa simu yangu nikaondoka bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Siku iliyofuata lile gari halikuwepo. Pengine lilikuwa la mtu aliyeishiwa mafuta na pesa, mambo ya kawaida Nairobi. Lakini hakuna aliyelichunguza. Kilichochunguzwa ni mimi. Na kabla ya mwezi kuisha nilihamishwa lindo kwa kuwa meneja alisikia nilikwenda polisi bila idhini yake.

Sasa mimi ni Mkamba, nina kitambulisho tangu ujana, na jina langu halimshtui mtu. Fikiria mwingine.

Kuna mama wa Kisomali anayeuza madera na mashuka Eastleigh, Section One, ambaye mke wangu hununua kwake bidhaa za kuchuuza. Tumezoeana naye kwa miaka. Aprili 2014, serikali ilipoanzisha operesheni ya msako iliyoitwa Usalama Watch, polisi waligonga mlango wake usiku. Alionyesha kitambulisho cha Kenya. Walikigeuza-geuza, wakamwambia hivi vinanunuliwa, wakampandisha lori. Alipelekwa uwanja wa Kasarani, ule ule tunaoenda kushangilia mpira, ambako maelfu ya watu walikuwa wakizuiliwa wapekuliwe kama ni raia. Alitoka baada ya kaka yake kuzungumza na watu, na msomaji wa Nairobi anajua kuzungumza kwa namna hiyo kunagharimu nini. Polisi walikuwa na jina lao la Eastleigh: walisema wanakwenda ATM, yaani kuchukua pesa.

Nilimuuliza siku moja, "Mama, ukiona leo kijana mgeni kwenye korido yenu, anaingiza mizigo usiku, utapiga simu?"

Akacheka. "Mzee, watakaokuja si ndio wale wale?"

Hapo ndipo operesheni ile ilipotugharimu. Na haikuzuia kitu. Aprili 23, msako ukiwa umepamba moto, gari lililipuka nje ya kituo cha polisi cha Pangani, mwendo wa miguu kutoka Eastleigh, likaua maafisa wawili. Mei yakaja mabomu kwenye mabasi ya Thika Road, kisha Gikomba sokoni. Juni ikaja Mpeketoni, watu zaidi ya 60. Watu walisombwa kwa kutazamwa sura, na wenye mabomu wakaendelea na kazi yao.

Tena sura yenyewe hudanganya. Kiongozi wa waliovamia Dusit, Ali Salim Gichunge, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wetu, amelelewa Isiolo. Alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu. Muchatha si mahali ambapo lori la polisi lingepita usiku kusomba watu. Siku chache kabla ya shambulio vyombo vya nyumba hiyo vilitangazwa mtandaoni viuzwe. Aliyejua kwamba wapangaji wanauza kila kitu kwa haraka ni jirani, mwenye nyumba, na mteja aliyekuja kuangalia sofa. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kujuana na kuripoti, ulianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya mambo kama hayo hasa. Kwetu Kayole Nyumba Kumi ni mzee mmoja mwenye muhuri, unayemwendea ukitaka barua ya chifu.

Wapo watakaosema Wakenya hawapendi kuripoti, kila mtu na lwake. Si kweli. Novemba 15, 2021, wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, moja ya yale yenye ulinzi mkali zaidi nchini. Serikali ikatangaza zawadi ya Sh60 milioni, mkuu wa magereza akafutwa kazi, ndege zikaruka. Siku tatu baadaye walikamatwa Kitui. Walinaswa kwa sababu wanakijiji wa upande wa Malalani waliwaona wanaume wasiowajua wakitembea kwa miguu na kuuliza njia, wakapasha habari. Mimi kwetu ni Kitui, ingawa si upande ule, na jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Katika nyika ile, mtu anayetembea juani bila mbuzi wala mtungi wa maji lazima aulizwe ni wa nani. Waliripoti kwa kuwa hawakuona hatari yoyote katika kuripoti. Walimwambia mtu wanayemjua, naye akamwambia askari wanayemjua.

Huku Nairobi hatari ipo, na sasa naja kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Katika ploti yetu yupo mama mmoja, wa kanisa letu, aliyekuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu. Kijana alisilimu, jambo ambalo si kosa. Nina shemeji Mwislamu na ndiye mtu mwaminifu kuliko wote katika ukoo. Lakini huyu alianza kubadilika kwa namna nyingine. Aliacha kazi ya mjengo, akawa analala mchana na kukesha kwenye simu, akauza kitanda chake, akaanza kumwambia mama yake kwamba hatakuwa hapa muda mrefu. Mama akaogopa asije akavuka kwenda Somalia. Akafanya kile ambacho serikali inakihubiri: alikwenda kwa wakubwa wa mtaa akaeleza, akaomba apatikane mtu wa kuzungumza na mwanawe. Aliandikwa jina, akashukuriwa.

Baada ya majuma machache wanaume wanne waliovaa nguo za kawaida walimchukua kijana kwenye kibanda cha chapati, wakamtia ndani ya gari. Mama alizunguka vituo vya polisi, akaenda hospitali ya Kenyatta, akaenda mochari. Kila mahali jibu ni kwamba hawana mtu kama huyo. Hajafikishwa mahakamani. Kama alikuwa na hatia, hajashtakiwa. Kama hakuwa nayo, hajarudi.

Ploti nzima iliona. Kila mama pale alipata somo lake, na si somo ambalo serikali ilikusudia. Hivi sasa kuna kijana mwingine mwenye dalili zile zile, na wazazi wake wamemhamishia kwa mjomba mbali na Nairobi. Hawatamwambia chifu, hawatamwambia mwalimu, na mimi pia waliniambia kwa bahati mbaya tu. Kikosi cha kupambana na ugaidi kingekuwa na hamu kubwa ya kuijua habari hiyo, lakini hakitaipata.

Najua kuna msomaji anayesema huyu soja anatetea haki za magaidi. Ndugu, wakija mlangoni kwetu, wa kwanza kupigwa risasi ni mimi. Wewe uko ghorofa ya sita. Sina sababu yoyote ya kuwahurumia Al-Shabaab, kundi lililovamia Westgate, Garissa na Dusit. Nataka wakamatwe, tena nataka wakamatwe mapema, wakiwa bado wanakusanya pesa na vitambulisho bandia. Na sheria ikiachwa ifanye kazi, inaweza. Oktoba 2020 mahakama iliwapata wanaume wawili na hatia ya kusaidia shambulio la Westgate, mmoja akafungwa miaka 33, mwingine 18. Juni 2025, katika mahakama ya Kahawa, wawili walihukumiwa miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia waliovamia Dusit. Ushahidi ulitolewa hadharani, mawakili wakabishana, hakimu akaamua. Kesi ya Westgate ilichukua miaka saba, nayo ni mingi, lakini mwishowe tulijua nani alifanya nini.

Katika kesi hiyo hiyo ya Westgate mshtakiwa wa tatu aliachiliwa na mahakama kwa kukosekana ushahidi. Muda mfupi baada ya kuachiliwa, watu wasiojulikana walimteka hapa Nairobi mchana kweupe. Hakimu akisikia hivyo anajisikiaje? Na shahidi anayetakiwa aje kesho kutoa ushahidi?

Waliofanya mambo haya Eastleigh na Mombasa miaka kumi iliyopita tuliwanyamazia kwa kuwa waliochukuliwa walikuwa "wale". Kisha ikaja Juni 2024. Magari yale yale, wanaume wale wale wenye kofia na barakoa, lakini sasa waliochukuliwa ni vijana wa Umoja na Kitengela waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo, 29 kati yao wakiwa bado hawajapatikana wakati huo. Mwaka 2025 waandamanaji wakaanza kupelekwa Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Mimi nimesimama mlangoni vijana hao wakipita barabarani wakiimba. Wamenitia wasiwasi, ndiyo, kwa sababu ya vioo vya jengo. Lakini mtu aliyemwona gaidi na mtu aliyemwona kijana na bendera hawezi kuwachanganya, na ofisi inayowachanganya itakosa nguvu na wakati wa kumfuata yule wa kweli.

Ninachoomba si kikubwa. Nikienda kituoni kuripoti, nipewe nambari ya OB papo hapo, na baada ya siku chache mtu anipigie aniambie tu: tumeliangalia, ni salama, au tumeliangalia, asante. Sihitaji siri zao. Mama anayemripoti mwanawe ahakikishiwe kwamba mwanawe ataletwa mbele ya hakimu ndani ya saa 24 kama Katiba inavyosema, au aongeleshwe na mtu mwenye ujuzi arudi nyumbani. Wale maafisa wa Kituo cha Kitaifa cha Kupambana na Ugaidi, wanaofanya warsha katika hoteli, wafanye moja kwenye maegesho ya jengo letu saa kumi na mbili asubuhi zamu zikibadilishana, watufundishe tunatafuta nini na tunampigia nani simu ya supavaiza ikiwa imezimwa.

Bunge nalo litafute ile ripoti ya Westgate liliyoitupa, liirudishe mezani pamoja na majina ya walioulizwa na waliokataa kujibu. Tume tuliyoahidiwa bado inaweza kuundwa. Mashahidi wengi wako hai na wako kazini.

Kwa upande wa kampuni zetu, najua zitasema mafunzo ni gharama. Basi mamlaka inayotoa leseni iandike sharti hilo kwenye leseni yenyewe: kampuni isiyofundisha masoja wake kuhusu mabomu, mizigo iliyoachwa na njia za kuwatoa watu jengoni, isipewe lindo lolote katikati ya jiji. Na wakaguzi waje kuuliza sisi, si meneja.

Mlinzi wa mlangoni,
Kayole, Nairobi
(Jina nimelitoa kwa Mhariri, naomba lisichapishwe)